Habari ya Ntumba

Kifuniko cha sufuria kililia jikoni, kwe, kikanyamaza. Nje bado giza. Tamar alifumbua macho akabana pumzi, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa Phébé, binti yake mdogo, aliyelala kati yake na ukuta. Mvua iliyopiga bati tangu jioni ilikuwa imebaki matone tu. Katikati ya matone hayo sauti ikaja tena, ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi kwa kila anachokigusa.

"Baba Phébé," alinong'ona. "Kuna muntu mu jikoni."

"Ni panya," mumewe akajibu bila kugeuka.

"Panya hapana funika sufuria."

Lakini Philémon alikwisha kuzama tena usingizini. Jana yake, kutwa nzima, alisimama stesheni pamoja na kamati ya kanisa la Méthodiste kupokea watu walioletwa na treni kutoka Luluabourg, huko Kasai, watu ambao nyumba zao zilichomwa moto na ambao hawakuwa na cha kubeba ila watoto. Yeye ni karani wa stesheni hiyohiyo ya Kamina. Amezoea treni, lakini treni ya namna ile hakuwahi kuiona, na aliporudi nyumbani na wageni watatu nyuma yake hakuweza hata kula.

Tamar alijifunga kitenge juu ya tumbo lake lililoanza kuonekana, akawasha taa ya mafuta, akatoka kwa mlango wa nyuma. Jiko lao ni kibanda cha matofali mabichi na paa la nyasi, kimejitenga na nyumba. Akainua taa. Mbele ya mafiga alichutama mwanamume, shati limemgandia mgongoni kwa maji, ameshika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili.

"Ee Mungu! Nani?"

"Minyi, mama. Usiogope. Éliézer."

Alikuwa mgeni wao. Mgeni ambaye jana jioni Tamar mwenyewe alimtandikia mkeka mpya ndani ya chumba cha mbele, kando ya kitanda alicholala bibi mzee na mjukuu.

"Weye unafanya nini huku?"

"Maji ilikuwa inaingia mu bunga yako. Nikafunika."

"Haiko unga ninauliza, kaka. Ninauliza weye. Mukeka tulikupa, iko na chawa?"

"Mukeka iko muzuri, mama. Aksanti sana." Éliézer akatazama majivu. "Ni joto."

"Joto! Na mvua ya hivi?"

 Éliézer alikuwa kijana wa makamo, mfanyakazi wa njia ya reli huko kwao, ana mikono mipana ya mtu wa nyundo. Na hapo, mbele ya mwanamke anayemshinda kwa taa tu, akajikunja kama mtoto aliyevunja sahani. Tamar alibaki mlangoni mdomo wazi. Mgeni amelala jikoni kwake kama mbwa. Watu watasemaje? Mchungaji atasemaje?

*

Watu hawakungoja jua lipande. Tamar alikuwa anafagia uwanja wakati kichwa cha Germaine kilipochomoza juu ya uzio wa matete. Germaine ni jirani yao, Mkatoliki, mama mtu mzima ambaye kinywa chake kinajulikana mpaka upande wa pili wa soko.

"Wakomapo, Mama Phébé!"

"Eyo, mama."

"Bageni benu banalala mu majivu sasa? Ao njo sheria mupya ya Méthodiste?"

"Alikuwa anasikia joto, mama."

"Joto," Germaine akarudia, akilionja neno. "Sisi, Kasai tunabajua. Banapenda kitanda ya kipoyi, babebwe kama bazungu. Umupe kitanda ya vyuma, utaona, joto itaisha."

Tamar alicheka kidogo ili yaishe, lakini masikio yake yaliwaka moto. Tangu alipoanza masomo ya jioni kule foyer, ambako wanawake wa mtaa wa cité hufundishwa kusoma, kushona na kuweka nyumba, aliahidi moyoni kwamba nyumba yake itakuwa mahali ambapo mtu aliyeingia atalia siku ya kuondoka. Hakufikiria kwamba mtu ataingia na kulala nje.

Bibi mzee alitoka chumbani akiwa amekwisha kukunja mashuka vizuri kuliko yalivyokuwa. Anaitwa Misenga. Zamani zote aliuza karanga penye stesheni ya kwao, kati ya watu wa treni kutoka Katanga, ndiyo maana Kiswahili chake hakina shida. Alimshika Mbombo, mjukuu wake, mkononi. Phébé alimtazama Mbombo, Mbombo alimtazama Phébé, na kabla ya chai ya asubuhi walikuwa wamekwisha kuingia pamoja chini ya meza na gunzi moja la mahindi waliloliita mtoto.

"Mulilala muzuri, mama?" Tamar akauliza.

"Nililala kama mufalme." Misenga akatupa jicho upande wa jikoni, akalirudisha haraka. "Ni miguu tu inauma. Mutoto yangu akifika, njo nitalala ya kweli."

"Mutoto gani, mama?"

"Ntumba. Mama ya huyu. Alibaki nyuma na mizigo. Treni hazikosi, anakuja."

Tamar akafurahi kusikia hivyo. Akahesabu akilini sahani, akaona zitatosha.

*

Kosa la Tamar lilikuwa kosa la upendo, na kabla yake lilikuwa kosa la kamati. Stesheni, Philémon alimkuta Mbombo amekaa peke yake katikati ya behewa, akauliza ni mtoto wa nani. Bibi mmoja akajibu, wangu. Mwanamume aliyekaa kule mwisho, mgongo umeelekea watu, akajibu naye, wangu. Basi Philémon akaona mbele yake mama, mwanawe wa kiume na mjukuu, akawachukua wote watatu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa inakuja.

Jioni ile Tamar alitandika kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe foyer. Aliazima viti viwili kwa Germaine. Alipika bukari, ugali wao, sombe ya majani ya mhogo yenye karanga, na samaki wakavu wa Bukama aliokuwa amewaficha kwa ajili ya Noeli. Huko foyer walifundishwa: familia ni watu wanaokula meza moja, baba na mama na watoto na mgeni, siyo wanaume barazani na wanawake jikoni. Kama huyu kijana anajiona mtu wa jikoni, alifikiri Tamar, basi dawa yake ni meza.

Misenga akaketishwa kwanza, akielekea mlango. "Sahani nyeupe vile!" alisema. "Mama, mikono yangu itaogopa." Phébé na Mbombo walikuwa wanagongana magoti chini ya kitambaa. Nje zikasikika sauti za wanaume, na Philémon akaingia akimsukuma Éliézer kwa bega, kwa furaha, jinsi mtu anavyomsukuma ndugu yake.

"Ingia, kaka, ingia! Hapa hakuna mugeni. Kaa pale mbele ya mama."

Éliézer aliinua macho akaona ni nani amekaa. Misenga naye akaona.

Bibi yule akavuta kitambaa chake kwa mikono miwili akajifunika kichwa na uso, akageukia ukuta, akasimama kwa nguvu za mtu anayeepa nyoka. Meza ikayumba. Bakuli la sombe likapinduka, kijani chote kikamwagika juu ya kitambaa cheupe, kikatiririka hadi sakafuni. Éliézer alitoka kinyumenyume, ameinama, mikono imefunika macho, akajigonga kwenye kizingiti, akapotea. Phébé akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Ni nini?" Philémon akauliza. "Ni nini tumefanya?"

Tamar alikuwa amekwisha kujua. Mwili wake ulijua kabla ya akili. Ishara ile ya kujifunika na kugeukia ukuta, aliiona kwa mama yake mzazi kila mara Philémon alipotokea njiani bila kupiga hodi. Haikuwa ishara ya Kasai peke yake. Ni ya hapa, ya kwao, ya kila nyumba anayoijua. Mtu na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Na yeye aliwalaza chumba kimoja. Aliwawekea meza.

"Baba Phébé," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine, "hawa haiko mama na mutoto. Ni mukwe wake."

Misenga, bado ameelekea ukuta, alisema kwa upole kutoka ndani ya kitambaa: "Hapana kitu, mwanangu. Hamukujua. Nipe maji tu, nifue kitambaa hiki kabla hakijashika rangi."

*

Tamar alimkuta Éliézer nyuma ya jiko. Phébé alimfuata mama yake, ameshika pindo la kitenge kama kawaida yake.

"Kaka, sababu gani hukusema?"

"Mbele yake? Ningesema na kinywa gani?"

"Ungesema kwa bwana yangu. Stesheni."

"Alikuwa na haraka. Na watu wote walikuwa wanatusaidia, mama. Mutu anakusaidia, utamwambia hapana, haiko hivyo?" Éliézer akajipangusa uso. "Mama, kulala hapa si kitu. Jiko yako ni nzuri. Kuna jambo lingine linaniua."

Akamweleza, amesimama, bila kumtazama. Mkewe, Ntumba, hakubaki na mizigo. Walikimbia usiku kupitia porini kufuata njia ya reli, naye alikuwa na mimba kubwa. Uchungu ukamshika kati ya nyasi. Hakukuwa na mkunga, hakukuwa na maji. Mtoto hakulia. Damu haikukoma. Éliézer aliwazika mama na mtoto kabla ya jua, kwa kipande cha bati alichokiokota relini, akarudisha majani juu. Mbombo alikuwa ametangulia mgongoni kwa mwanamke mwingine. Alipouliza, baba yake akamwambia mama yuko nyuma anachunga mizigo. Halafu, ndani ya treni, wakakutana na Misenga aliyepandia stesheni nyingine. Bibi akamwuliza mjukuu, mjukuu akajibu alivyoambiwa.

Tamar aliweka mkono tumboni mwake. Hakujua ameuweka.

"Mpaka leo hajui?"

"Nani amwambie? Minyi? Minyi ndiye nilimuchukua mutoto yake kwa baba yake nikasema nitamuchunga. Nitasimama mbele ya mama mukwe, nimufumbulie kinywa, nimuambie umefiwa?" Alitikisa kichwa. "Bukwe haiko mchezo. Habari ya vile inapita kwa mutu wa katikati. Mama mutu muzima, aliyezaa na aliyezika. Anamukalisha chini kwanza. Anamutoa kila kitu mu mikono, hata kama ni kijiko. Anamushika. Njo anasema. Mutu hapewi habari ya kifo amesimama, mama, moyo unapasuka."

"Nitasema minyi."

"Weye?" Kwa mara ya kwanza Éliézer alimtazama, akatazama pale mkono wake ulipokuwa. "Na tumbo hiyo? Ntumba alikufa na tumbo. Habari yake haipiti mu kinywa yako. Hapana. Heri nilale na siri."

Tamar alikuwa mwanafunzi wa foyer. Alifundishwa kwamba maneno hayawezi kuua mimba. Alifungua kinywa amwambie hivyo, akashindwa.

*

"Basi Pasteur atamwambia," Philémon alisema walipokuwa wawili chumbani, Phébé akiwa kifudifudi kitandani anachezea vifungo vya shati la baba yake. "Dimanche, baada ya ibada. Kanisa nzima itaomba naye."

"Mbele ya watu wote? Amesimama na kitabu mukononi?"

"Ni maombi, Tamar. Haiko matusi."

"Leo uliona maombi yetu ya meza."

 Philémon alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililomwumiza: hakupata mahali pa kuuweka wema wake. "Ni minyi nilibaleta hapa," akasema baadaye. "Ntumba amekufa, na minyi nilikuwa ninamusukuma mume wake kwenye kiti, ninacheka. Wewe unafikiri ninajisikia namna gani?"

Kesho yake Misenga aliosha vyombo pamoja na Tamar. Kitambaa cheupe kilianikwa, na doa lilikuwa limebaki kidogo tu. Bibi alilisugua mpaka vidole vikajikunja. Akauliza kama anayeuliza bei ya chumvi:

"Treni inayorudi kule, ni siku gani?"

"Samedi, mama, kesho. Sababu gani?"

"Ninakwenda kumutafuta."

Sahani ikateleza mkononi mwa Tamar, ikarudi ndani ya maji bila kuvunjika. "Kule? Mama, kule banaua watu!"

"Ndiyo maana ninakwenda. Ntumba ana mimba nzito. Nani atamubebea mizigo? Kondakta aliniambia tulipofika, treni za kurudi ziko tupu, wazee hawaulizwi chochote." Akatema mate kando. "Angalia mwanamume yule. Ameacha mke na tumbo, amekuja yeye na mikono mitupu! Na minyi hata kumutukana siwezi. Bukwe imenifunga kinywa. Ninamutukana moyoni tu, asubuhi na jioni, nimechoka."

Tamar alicheka kwa sababu bibi alikuwa anataka acheke. Neno lote lilikuwa pale, juu ya ulimi. Mama, usiende, hakuna wa kutafuta. Akaona sahani mikononi mwa Misenga. Akaona amesimama. Akasikia mwanawe anajigeuza tumboni, kidogo, kama samaki.

"Atakuja, mama," akasema. "Ngoja kwanza."

Ule ulikuwa uongo, na ulitoka laini kuliko alivyotarajia.

*

Kumtafuta mama mtu mzima aliyezaa na kuzika, Tamar hakuhitaji kwenda mbali. Alihitaji tu kuzunguka uzio, na hiyo ndiyo ilikuwa safari ngumu. Phébé alikwenda naye, akining'inia mkononi.

Germaine alikuwa anachambua maharagwe. Hakumkaribisha. "Unaleta viti yangu?"

"Viti nitaleta, mama. Nilikuja na shida."

"Madame foyer iko na shida!" Germaine alimwambia mtu asiyeonekana. "Shida gani haiko mu kitabu?"

Tamar akapiga magoti kwenye vumbi, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu alipoolewa, akamweleza yote. Alishusha sauti alipotaja kufa kwa Ntumba, kana kwamba kuta za matete zingevujisha. Germaine aliendelea kuchambua, halafu akawa anachambua bila kutupa kitu, halafu mikono ikasimama.

"Na unanitaka minyi."

"Weye njo unaweza, mama."

"Sababu nilizika." Germaine alisema bila hasira, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Unakumbuka ulisema nini ku bomba ya maji? Mbele ya wanawake wote. Ulisema, kama ningechemsha maji, batoto yangu bangebaki. Ulikuwa umetoka foyer siku ile, kitabu mu kwapa."

"Ninakumbuka."

"Ulisema kweli, pengine. Lakini nilikuwa nimesimama. Na ndoo nilikuwa nimebeba."

 Tamar aliinamisha kichwa, na machozi yakadondoka juu ya maharagwe. Germaine akavuta pumzi puani.

"Usinilowanishie chakula. Simama, uko na mimba." Akaweka ungo kando. "Haiko leo. Jua inaanguka, na habari ya vile haiachiwi mutu alale nayo peke yake. Kesho muchana. Nitatafuta kwanza wanawake ya kwao wawili, wale wa camp ya reli, bamulilie na lugha yake. Sisi tutalia, lakini hatujui majina ya bakubwa wake. Weye umuzuie tu."

"Treni iko jioni. Nitamuzuia."

"Na mwambie mukwe asikimbie. Akae karibu, mgongo umegeuka. Mama anapenda kujua yuko hapo, hata kama hamuoni."

Tamar alirudi nyumbani mwepesi. Alimwambia Éliézer, na kijana yule, ambaye hakulia porini wala ndani ya treni, akakaa chini kwenye majivu akalia kwa sauti ndogo, akishukuru kwa lugha yao, tena na tena. Tamar akafikiri: basi tutaweza. Nyumba hii itaweza.

*

Kesho yake, Jumamosi, Philémon alirudi kutoka kazini mbiombio, kofia mkononi, kabla ya chakula cha mchana. Alimvutia Tamar pembeni ya ukuta. "Treni ya kurudi, bameisogeza. Haiko ya jioni. Iko pale sasa, inapakia maji. Bibi amekwisha kusikia?"

Alikuwa amekwisha kusikia kwa wapita njia. Misenga alitoka chumbani akiwa amefunga viatu vya raba alivyopewa na kanisa, furushi kichwani, na mkononi amekunja kigauni kidogo cha Mbombo. "Nitamwonyesha Ntumba hiki," alieleza, "ajue mtoto anavaa vizuri hapa." Akamwaga baraka juu ya kichwa cha Tamar, juu ya tumbo lake. "Nikirudi naye, utazaa mbele ya macho yetu."

"Mama, ngoja," Tamar alisema. "Kula kwanza."

"Nitakula na Ntumba."

"Mama Germaine anakuja kukusalimu."

"Nisalimie. Kinywa chake kinanifurahisha." Akaanza kwenda.

Philémon akasimama kwenye nafasi ya uzio, mikono imetandazwa pande mbili kama mtu anayezuia ng'ombe. Alijua anavyoonekana, jasho lilimtiririka kwenye kola yake ya karani. "Mama. Hapana kwenda."

"Sababu gani, mwanangu?"

Philémon alimtazama mkewe. Mkewe alitazama chini.

"Sababu gani?" Misenga akarudia, na sasa sauti ilikuwa imebadilika. "Mmenilisha, mmenivisha, mmenifunga? Baba, toka njiani. Kule kuna mtoto wangu." Macho yake yalikwenda kwa Philémon, kwa Tamar, kwa mlango, kisha, polepole, yakaelekea jikoni ambako kipande cha shati la Éliézer kilionekana nyuma ya ukuta. Hakugeuza uso. Hakujifunika. Alilitazama shati lile hadi Tamar akaona haya kwa niaba yake, kama mtu anayeona mwili wa mzee uchi. "Weye," bibi akaita, yeye ambaye hakuwahi kumwita mkwe wake kwa sauti tangu harusi. "Weye uliyenyamaza. Wanajua nini hawa ambacho sijui?"

Shati likatetemeka. 

Ndipo Germaine akaingia, anahema, kilemba kimemlegea, na nyuma yake kwenye pembe ya barabara wanawake wawili wa Kasai wakija mbio kwa kadiri ya miguu yao. Hakuuliza kitu. Alielewa kwa kuona mikono ya Philémon. "Mama, tua kwanza," akasema, na akalipokea furushi kutoka kichwani kwa Misenga kabla hajakataa.

"Treni itaniacha."

"Iache ikuache. Kaa na minyi hapa, miguu inaniuma."

Na kwa nguvu ya uzito wake tu akamshusha juu ya mkeka, wakakaa bega kwa bega, miguu imenyooka mbele yao. Germaine akakifumbua kiganja cha bibi kidole kwa kidole, akakitoa kigauni, akakiweka nyuma yake. Akampitishia mkono mgongoni. Yote kama ilivyotakiwa. Tamar, aliyekuwa ameshika nguzo ya baraza, aliachia pumzi ambayo alidhani amekaa nayo tangu juzi. Tumewahi, alifikiri. Bwana asifiwe, tumewahi.

"Mama Misenga," Germaine akaanza, na sauti yake kali ilikuwa laini kwa namna ambayo hakuna aliyeijua. "Mulikuja kwetu na mvua. Minyi nilisema mabaya juu yenu, nilicheka, na wewe hukujua. Leo sikuja kucheka. Minyi nilizaa batoto tano..."

Kule stesheni treni ikapiga filimbi. Misenga akajaribu kuinuka; mkono wa mgongoni ukambana.

"Mama, sema upesi."

 Germaine akafungua kinywa, akakifunga, yeye ambaye neno halijawahi kumkosa. Wanawake wa Kasai walikuwa wamefika kwenye uzio, wakaanza kufungua vilemba vyao, kama inavyofanywa msibani, polepole, wakiangalia chini. Misenga akaviona vilemba.

Kizingitini, Phébé na Mbombo walikuwa wamekaa na gunzi lao katikati. Mbombo alikuwa amelivisha jani la mhogo. Aliinua uso akasikiliza filimbi, akatabasamu.

"Kaku anaenda kuleta mama yangu," alimwambia Phébé, kidole kikielekea kwa bibi yake.

Phébé alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtu yeyote asiyejua kitu ambacho nyumbani kwao wote wanakijua. Tamar aliona midomo ya mwanawe inafunguka. Akanyoosha mkono, ulikuwa mbali.

"Mama yako alikufa," Phébé akasema.